41% ya nini?

Bandugu, mu Februari 2019 kichwa kimoja cha habari kilizunguka dunia: glifosati, dawa ya kuua majani, inaongeza kanseri kwa 41%. Mimi njo nilikuwa wa kwanza kukituma mu grupu ya promosyoni yetu. Sikusoma hata chini. Mtu wa agronomia mzima, na licence yangu!

Kisha mama moja, analima muhogo na maharagi, akaniuliza: "Mwana, ni kusema kwa watu mia wanaogusa ile dawa, makumi ine na moja watagonjwa?" Nikakosa jibu. Swali ile, mwandishi wa habari angejiuliza yeye mwenyewe kwanza.

Nikarudia kusoma. Utafiti uliongelea kanseri moja tu, limfoma isiyo ya Hodgkin, na ulilinganisha wenye kugusana sana na glifosati na wale wasioigusa. Kule Marekani, limfoma hiyo inapata karibu watu 2 kwa 100 katika maisha yao yote. Ongeza 41% juu ya 2: unafika karibu 3. Tena watafiti wenyewe waliandika kwamba ongezeko linaweza kuwa kati ya 13% na 75%. Upana wote ule, kichwa cha habari kiliumeza.

Wanapendaga pia kukumbusha kwamba IARC, shirika la Lyon, liliweka glifosati mu kundi 2A mwaka 2015. Ni kweli. Lakini nyama nyekundu iko mu kundi ile ile! Makundi yale yanapima ushahidi uko na nguvu gani. Ukubwa wa hatari, hayaupimi.

Sisemi dawa ni maji ya kunywa. Kinachoniuma ni kwamba habari ile ilitisha mwenye kula maharagi, ikasahau mwenye kupulizia. Kijana anabeba pompi yenye kuvuja mgongoni, bila bote, bila kitu mikononi, anarudi jioni anakula na mikono ile ile. Hesabu ya 41% ilitoka kwa watu wa kazi kama yake, na hakuna aliyemwandikia hata mustari moja.

Nilirudi kwa yule mama, nikamuelezea: mbili, karibu tatu, na zaidi kwa wenye kupulizia. Akanyamaza kidogo. Kumbe mtoto wake njo anapuliziaga mashamba ya watu kwa malipo.

"Na bote," akaniuliza, "ni bei gani?"