Nyayo Kwanza, Mnyama Baadaye

Januari katika jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani, msitu hauna mengi ya kumwonyesha mgeni. Miti ya majani mapana imebaki matawi matupu. Ndege wengi waliotaga humo kiangazi wameshakwenda kusini, wengine hadi Amerika ya Kusini. Vyura na kobe wa majini wamejificha kwenye tope au chini ya majani makavu, na jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Lakini ni katika miezi hiyo hiyo hifadhi za wanyamapori za jimbo hilo huandaa matembezi ya kufuata nyayo, matembezi ya viatu vya theluji, na safari za usiku za kumtafuta bundi. Watu hulipa, huja na watoto wao, na mwaka unaofuata hurudi tena. Kwa mtu anayejua kazi ya kuongoza wageni, hilo ni jambo la kuchunguzwa kwa makini: unawezaje kuuza matembezi ya wanyama mahali ambapo mnyama huenda asionekane kabisa?

Mfano mzuri ni hifadhi ya Ipswich River iliyoko Topsfield, mwendo mfupi kwa gari kaskazini mwa Boston. Ni zaidi ya ekari 2,000 za msitu, mbuga na vinamasi, na mto Ipswich unapita humo. Mwenye hifadhi ni shirika la Mass Audubon, lililoanzishwa mwaka 1896 na wanawake wawili wa Boston, Harriet Hemenway na Minna Hall, waliochukizwa na mauaji ya ndege kwa ajili ya manyoya ya kupamba kofia. Waliwaalika wanawake wenzao kwenye chai na kuwashawishi waachane na kofia hizo. Miaka minne baadaye Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa New York, alipendekeza kwamba badala ya kutoka na bunduki siku ya Krismasi kushindana kuua, kama ilivyokuwa desturi, watu watoke kuhesabu. Krismasi ya mwaka 1900 walijitokeza watu 27 katika vituo 25, na hesabu hiyo haijawahi kukoma. Kwa hiyo wazo la kumtoa mtu nje kwenye baridi kali ili atazame bila kuua lina zaidi ya karne moja. Kilichoongezeka ni ufundi wa kumwongoza.

Ufundi huo, kwa maoni yangu, wote unazunguka kitu kimoja: joto. Mnyama ana joto kidogo la kutumia mpaka majira ya kuchipua yafike. Mgeni naye ana joto kidogo la kutumia kabla hajaanza kutetemeka na kuwaza gari lake. Kila uamuzi wa mwongozaji mzuri unalinda akiba hizo mbili, na anaposahau mojawapo matembezi huharibika.

Tuanze na theluji yenyewe. Theluji ni kama daftari la mlinzi wa getini: inaandika nani kaingia, nani katoka, alikuwa na haraka au alitembea kwa raha. Lakini si kila theluji huandika vizuri. Inayotafutwa ni ile nyepesi ya sentimita mbili tatu, iliyoanguka juu ya theluji ya zamani iliyokwisha kuwa ngumu, ikakoma mapema jioni ili wanyama wapate usiku mzima wa kupita. Ikiwa ya kina kirefu na laini, kila mguu huacha shimo tu. Ikipigwa na jua saa chache, alama hutanuka pembeni, na paka wa jirani anaweza kuonekana chui. Ndiyo maana mwongozaji hutoka mapema peke yake, kabla ya wageni, apite njia yote, ajue wapi mbweha alivuka na wapi kundi la kulungu lililala. Hiyo kazi ya alfajiri mgeni haioni, ila ndiyo inayobeba nusu ya mafanikio.

Wageni wakifika, wanapangwa mstari mmoja, kando ya alama na si juu yake. Kisha linakuja jambo ambalo wengi hawalitarajii: nyayo zinafuatwa kinyumenyume. Kundi linakwenda kule mnyama alikotoka, si alikokwenda. Ukimfuata mbele utamfikia, na ukimfikia atakimbia, na mbio za mnyama mwenye njaa katikati ya Januari ni mafuta ya mwilini ambayo hatayapata tena kwa urahisi. Ukirudi nyuma unapata hadithi ile ile: alipolala, alipokula, alipokojoa kuweka mpaka. Yeye hasumbuliwi. Naona huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika matembezi haya, na hauhitaji kifaa wala fedha.

Mpangilio wa maswali nao una sababu. Mtu asiye na uzoefu huinama mara moja na kuanza kuhesabu vidole. Mwongozaji humnyanyua, amwambie atazame kwanza mkondo mzima wa alama kwa mita kadhaa. Je, ni mstari ulionyooka, alama moja baada ya nyingine? Huyo ni mtembeaji: mbweha, koyote, kulungu. Je, ni mafungu ya alama nne nne yenye nafasi katikati? Huyo ni mrukaji: sungura, kindi, panya. Je, ni alama mbili mbili zilizo sambamba kwa mshazari? Hao ni jamaa za kicheche. Wale wanene wanaoyumba wakitembea, kama rakuni na nungunungu, wana mtindo wao. Ukubwa wa alama hufuata baadaye, na vidole huja mwisho kabisa, kwa sababu thelujini vidole ndivyo vinavyofutika kwanza.

Chukua kindi na sungura, maana hapo ndipo watoto hufurahi zaidi. Wote wawili wanaporuka, miguu ya nyuma hupita ile ya mbele na kutua mbele yake. Kwa hiyo zile alama mbili kubwa zilizotangulia ni za miguu ya nyuma, na mtoto anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza hukataa kuamini mpaka ajaribu kuruka mwenyewe. Tofauti iko kwenye miguu ya mbele. Kindi, mpanda miti, huitua sambamba. Sungura, mkaa chini, mara nyingi huitua mmoja nyuma ya mwingine. Mbweha naye huweka mguu wa nyuma ndani kabisa ya alama ya mguu wa mbele, akapunguza kazi ya kutoboa theluji, na mkondo wake huonekana kama uliopigwa kwa kamba. Mbwa wa nyumbani, aliyeshiba na anayejua bakuli linamsubiri, huyumba huku na huku. Hapo mwongozaji hana haja ya kuhutubia juu ya akiba ya nguvu. Mistari miwili iko pale chini, mgeni anailinganisha mwenyewe.

Theluji ikikosekana, kuna vijiti. Kitawi kilichotafunwa na sungura kimekatwa mshazari, safi, kama kwa kisu kikali, kwa kuwa sungura ana meno makali juu na chini. Kilichotafunwa na kulungu kimechanika, nyuzi zinaning'inia, kwa sababu kulungu hana meno ya mbele kwenye taya la juu: hubana na kuvuta. Ukikuta mkato safi kwenye usawa wa kiuno cha mtu, jua theluji iliwahi kufika juu kiasi hicho, na sungura alisimama juu yake.

Kuhusu watoto, kuna zoezi moja ninalolipenda kwa dhati, linalotumika sana katika masomo ya ikolojia ya baridi. Kila mtoto hupewa kichupa chenye jelatini ya moto, bado majimaji. Anaambiwa: huyu ni mnyama wako, mtafutie mahali pa kujificha. Wengine huning'iniza kwenye tawi, wengine hukifunika kwa majani makavu, wengine huchimba thelujini hadi chini. Baada ya muda wanarudi kukagua. Jelatini iliyoganda ni mnyama aliyekufa. Kisha kipimajoto huzamishwa kwenye theluji mpaka kiguse ardhi. Hewa inaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, lakini chini ya theluji ya sentimita 20 au zaidi ardhi hukaa karibu na sifuri. Katika uwazi huo mdogo kati ya ardhi na theluji ndimo panya wenye mkia mfupi na virukanjia hupita majira yote, na mbweha akiwa juu hutega sikio, huwasikia, hurukia kichwa kichwa. Mtoto ambaye kichupa chake kiliganda hasahau kwamba theluji ni blanketi.

Bado kuna kiu ya kuona kiumbe hai, na Topsfield wana jibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 tajiri Thomas Proctor alijenga humo bustani ya miamba mikubwa kando ya bwawa, akapanda miti ya kigeni. Kwa miaka mingi vijia vya hifadhi hiyo vimejulikana kwa ndege wadogo waliotua viganjani mwa wageni. Ndege huyo ni chikadii wa kofia nyeusi, mwenye uzito wa gramu 10 hadi 14. Njia ni rahisi: simama karibu na kichaka, nyoosha mkono, kiganja wazi chenye mbegu za alizeti, usitikisike. Anakuja mmoja, anashika kidole kwa makucha membamba ambayo huhisi uzito wake, unahisi ubaridi tu, anachagua mbegu moja na kuondoka. Mbegu nyingi hazili papo hapo. Huenda kuzificha moja moja kwenye magome, na huzikumbuka kwa wiki kadhaa. Usiku hushusha joto la mwili wake kwa takriban nyuzi 10 ili asimalize mafuta kabla ya asubuhi.

Wapo wanaouliza kama kumlisha hivyo si kumfanya ombaomba. Swali ni la haki, na limefanyiwa utafiti. Margaret Brittingham na Stanley Temple, huko Wisconsin, walionyesha kwamba katika baridi kali chikadii waliopata mbegu za ziada waliokoka kwa wingi zaidi. Na mwaka 1992 walichapisha matokeo kwamba waliozoea kulishwa, walipoondolewa mbegu, hawakufa kuliko wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Mimi hilo linaniridhisha kwa ndege huyu. Nisingelipeleka kwa kulungu wala koyote.

Chikadii ana faida nyingine kwa mwongozaji. Anapomwona bundi au mwewe ametulia, hupiga mlio wake na kuongeza silabi za mwisho kadiri adui alivyo wa hatari zaidi. Utafiti uliotoka mwaka 2005 ulilithibitisha. Mwongozaji mwenye sikio zuri akisikia kelele hizo zimeongezeka, huwageuza wageni upande huo.

Upande wa mgeni, mambo ni ya kawaida ila hayana msamaha. Maelezo marefu hutolewa ndani, kabla ya kutoka. Nguo za pamba hukatazwa kwa sababu pamba ikinyonya jasho haikauki haraka. Sufu huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu. Vituo ni vya dakika chache, njia ni fupi, mwisho kuna chumba chenye moto na kikombe cha chokoleti. Nimesoma ratiba nyingi zinazojivunia urefu wa njia. Urefu si kipimo cha kitu chochote mwezi wa Januari.

Lowell, mji ulioko chini ya saa moja kwa gari kutoka hapo, una jamii kubwa ya Wakenya. Wengi wao baridi wanaijua kama koleo la kuondolea theluji mlangoni na basi linalochelewa. Ningetamani kuona makundi yao katika matembezi haya, na mwongozaji mmoja anayezungumza Kiswahili. Kazi ya kusoma nyayo si ngeni Afrika Mashariki: Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huisoma vumbini kila siku. Hifadhi zetu nazo, ambamo mgeni huahidiwa simba na kununa asipomwona, zinaweza kuujaribu mpangilio huu kwenye tope la kingo za mito.

Lililobaki ni bundi. Safari hufanyika giza likishaingia, kundi dogo, bila tochi nyeupe, kwa kuwa jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Mwongozaji huita kwa mdomo au kwa sauti iliyorekodiwa, na huanza na bundi wadogo kisha wakubwa. Akianza na mkubwa, mdogo hunyamaza kimya, maana bundi mkubwa humla mdogo. Hapa ndipo ninapokuwa na mgogoro na baadhi ya ratiba. Bundi mkubwa mwenye pembe za manyoya huanza kutaga mapema sana, mwishoni mwa Januari na Februari, theluji ikiwa bado nene. Bundi anayeatamia akisikia mpinzani wa kubuni, anaweza kunyanyuka kutoka kwenye mayai, na yai lililoachwa wazi kwenye baridi hiyo hupoteza joto haraka. Kumwita bundi huyo kungefaa kukome kabla mwisho wa Januari haujafika. Kuanzia hapo kundi lisimame, linyamaze, lisubiri aite mwenyewe, na tangazo la safari liwaambie wageni wazi kwamba huenda asiite.