Kinamasi cha Rugezi: Nani Analinda Kiota?
Sehemu ya maji ya mto Kagera unaopita ukingoni mwa wilaya ya Kyerwa, Tanzania, huanzia Rugezi, kinamasi cha kaskazini mwa Rwanda kilicho mita zipatazo 2,050 juu ya usawa wa bahari. Hushuka hadi maziwa ya Burera na Ruhondo, huingia mto Mukungwa, kisha Nyabarongo, ndipo yafike mpakani kwetu. Kwa mkazi wa Kyerwa, habari za Rugezi ni za jirani wa juu ya mto.

Kinamasi hicho kilikaushwa kidogo kidogo kwa mitaro ya kilimo na malisho. Kufikia 2004 ziwa Burera lilikuwa limeshuka hata kituo cha umeme cha Ntaruka kikazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na Serikali ikakodi jenereta za dizeli. Ukame ulichangia, na uendeshaji mbovu wa mitambo pia. Kilimo kikapigwa marufuku ndani ya kinamasi, mitaro ikazibwa, kingo zikapandwa mianzi na mabingobingo. Baada ya miaka michache maji yakapanda.

Mhandisi wa umeme aliridhika. Korongo taji, ndege anayetaga humo kinamasini, alikuwa na shida nyingine. Huyu hulaza majani na kujenga kiota juu ya maji ya kina kifupi, katikati ya mimea mirefu inayomficha. Mkata nyasi mmoja anatosha kumkimbiza, na kinda likionekana huchukuliwa likafugwe kama pambo bustanini. Nao waliojipenyeza kukata nyasi walikuwa wakazi wa kandokando, waliofungiwa bonde walilolitegemea. Marufuku ilitangulia, riziki mbadala ikafuata kwa kuchechemea. Kwangu hapo ndipo mpango ulipopinda.

Baadaye shirika la Rwanda Wildlife Conservation Association, lililoasisiwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, liliajiri walinzi wa kinamasi kutoka jamii za hapo hapo. Hesabu ya korongo nchini Rwanda ilikuwa 487 mwaka 2017, ikafika 881 mwaka 2020. Tusiipe Rugezi sifa zote: hiyo ni hesabu ya nchi nzima, wahesabuji nao huzidi kuwa wazoefu, na korongo waliokuwa wakifugwa majumbani wamerudishwa porini.

Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kabla ya kusimika vigingi vya mpaka huo, kamati ya mazingira ya kijiji ikubaliane na wakata nyasi. Kufunga bonde kwa msimu hakutoshi, kwa kuwa korongo wa ukanda huu huweza kutaga karibu mwezi wowote. Afadhali kufunga vipande: kiota kikionekana, eneo linalokizunguka liachwe hadi makinda yaruke, yaani miezi kama mitatu au minne, na mkataji apewe kipande kingine siku hiyo hiyo. Asipopewa, hataripoti kiota, na ndiye anayekiona wa kwanza.