Ngano za Picha: Je, Zawafaa Watoto Wadogo?

Siku hizi hata hapa Kasulu na Kibondo mtoto aweza kutazama ngano katika televisheni au simu. Yafaa mzazi azipime kwanza, asizipokee kwa kuwa zachekesha tu.

Twaa mfano wa "Tinga Tinga Tales", picha fupi 52 za michoro zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Michoro yake yafuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji Mtanzania aliyefariki mwaka 1972. Humo huelezwa kwa nini nyoka hana miguu, au kwa nini kiboko hana nywele. Rangi zapendeza, hadithi hazichoshi, na wanyama ni wa nchi zetu.

Lakini iko hatari. Katika ngano za namna hii mara nyingi mnyama hupata kasoro kwa sababu ya kiburi au uchoyo, nasi twacheka. Mtu mzima ajua kuwa ni fumbo. Mtoto wa miaka minne hajui. Akimwona mwenziwe kiwete, aweza kudhani naye ameadhibiwa, akamcheka. Nasi twasema, hujafa hujaumbika.

Bibi asimuliaye motoni akiulizwa swali hukatiza hadithi, akajibu. Picha haimngojei aulizaye. Basi, hukumu yetu ni hii: ngano hizi zawafaa watoto, ila mkubwa aketi nao, aisimamishe picha, awajibu. Asiye na nafasi sasa, heri angoje jioni.