Nomino Tunazo, Sentensi Je? Uhakiki wa Nathari ya Utafiti katika Kiswahili

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba taaluma umekuwa mjadala wa nomino. Mpinzani wa lugha hii huuliza neno la kitu fulani ni lipi, na mtetezi wake hukimbilia kamusi akarudi na neno mkononi. Ndivyo ilivyokuwa tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, na ndivyo ilivyoendelea baada ya kuanzishwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania mwaka 1967. Matunda ya juhudi hizo si haba. Ilipochapishwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilikuwa vigumu kwa mtu mwadilifu kuendelea kudai kwamba mwalimu wa sayansi hana majina ya kufundishia. Mwandishi wa makala haya hana nia ya kuibeza kazi hiyo. Anachodai ni kwamba wingi wa majina umetusahaulisha kuichungua sentensi, ilhali utafiti, uwe wa maabara au wa vijijini, hukaa ndani ya sentensi.

Mtafiti hatofautiani na watu wengine kwa sababu anajua majina mengi ya vitu. Seremala naye anayajua, na pengine kumzidi. Tofauti yake ni kwamba analazimika kusema, kila anapotoa kauli, amelijuaje jambo hilo na kwa kadiri gani. Aliliona kwa macho au alisimuliwa? Alihesabu au alikisia? Jambo la pili lilitokana na la kwanza, au yote mawili yalifuatana tu kama wasafiri wawili waliokutana njiani? Lugha isiyoweza kuzitenga kauli hizi haifai kwa utafiti, hata ikiwa na kamusi kumi. Kiswahili chaweza kuzitenga, tena kwa urahisi. Kasoro imo katika kalamu zetu.

Tuanze na kitenzi kipendwacho mno katika ripoti zetu, yaani kuonekana. Chukua sentensi kama hii: "Imeonekana kwamba watoto wanaolala ndani ya chandarua hawaugui mara kwa mara." Msomaji ataielewaje? Aweza kuelewa kwamba watu walikwenda, wakahesabu, wakaliona jambo hilo likiwa hivyo. Aweza pia kuelewa kwamba ndivyo hali inavyoelekea kuwa, ingawa hakuna aliyethibitisha. Katika mazungumzo ya kawaida utata huu haudhuru, maana msemaji yupo na aweza kuulizwa. Katika ripoti msemaji amekwisha kuondoka. Dokezo hugeuka kuwa ushahidi, na ushahidi nao hushuka ukawa tetesi, bila herufi moja kubadilishwa. Lakini tazama tulivyo na akiba: "tulihesabu tukakuta", "yaelekea", "yamkini", "huenda", "haielekei". Kila kimojawapo kina uzito wake, na mzee yeyote wa Mombasa au Lamu hawezi kuvichanganya. Wanaovichanganya ni wasomi.

Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Chanjo hiyo ilifanyiwa majaribio makubwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000. Hapa Kenya vituo vilikuwa vitatu: Kilifi, Siaya na Kombewa. Mnamo Septemba 2019 ilianza kutolewa katika baadhi ya maeneo ya magharibi mwa nchi, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumiwe kwa upana zaidi. Hebu tuone Kiswahili kinaieleza vipi.

Neno la kwanza linalomjia kila mtu ni kukinga. Chanjo inakinga malaria. Ni neno zuri, lakini lina tabia yake. Ngao hukinga mshale. Paa hukinga mvua. Paa lipitishalo sehemu kubwa ya mvua hatuliiti kinga, twaliita paa bovu. Sasa majaribio yale yalionyesha kwamba miongoni mwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, visa vya malaria vilipungua kwa takriban asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Kwa ugonjwa unaoua watoto wengi kiasi hiki, hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, mama aliyeambiwa kwamba chanjo inakinga, kisha mwanawe akashikwa na homa mara tatu katika mwaka mmoja, atakuwa na haki ya kusema alidanganywa. Hakudanganywa na sayansi. Alidanganywa na kitenzi kilichochaguliwa kwa haraka, na huenda akaacha chandarua kwa sababu ya kitenzi hicho hicho, au akakataa chanjo nyingine isiyo na kosa lolote.

Mwandishi mwangalifu zaidi atasema, "Chanjo inawakinga watoto 36 kati ya kila 100." Sentensi hii ina sura ya usahihi, kwani ina tarakimu. Nayo ni potofu. Yawagawa watoto katika makundi mawili, waliolindwa kabisa na walioachwa kabisa, jambo ambalo majaribio hayakulisema. Yaliyohesabiwa yalikuwa visa vya ugonjwa, na mtoto mmoja aweza kuwa na visa vingi. Kauli iliyo sawa ni hii: kwa kila visa 100 ambavyo vingalitokea kama watoto wasingalichanjwa, takriban 36 havikutokea.

Msomaji na akitazame kiambishi kilichofanya kazi hapo. Ni -ngali-, kiambishi ambacho kila mwanafunzi wa sekondari amekikariri kwa ajili ya mtihani, akarekebisha sentensi za "ningalijua nisingalikuja", kisha akakisahau siku matokeo yalipotoka. Walimu nao hukifundisha kama kanuni ya ulinganifu tu: ukianza na -ngali- malizia na -ngali-. Ni nadra kuambiwa kwamba ndani ya kiambishi hiki mna swali ambalo majaribio yote ya tiba hujengwa juu yake. Mtoto aliyechanjwa ameugua mara mbili. Angaliugua mara ngapi kama asingalichanjwa? Hakuna awezaye kumchunguza mtoto mmoja katika maisha mawili. Kwa hiyo watafiti huchukua kundi jingine la watoto wanaofanana na wale wa kwanza, wakalipa chanjo ya ugonjwa mwingine, ili kundi hilo lisimame mahali pa -ngali-. Ziko lugha ambazo hulazimika kuunganisha maneno kadhaa ili kulifikia wazo hili. Sisi tunalo katika silabi mbili, na bado twalalamika kwamba lugha yetu haijakomaa kisayansi.

Kugawanywa kwa makundi hayo kumeleta tatizo jingine la tafsiri. Mgawanyo ule hauamuliwi na mtu, na katika maelezo mengi ya Kiswahili umeitwa bahati nasibu. Lakini katika masikio ya umma bahati nasibu ni mchezo wenye mshindi na mshinde. Mzazi aliyeelezwa hivyo atadhani mwanawe ama ameshinda ama ameshindwa, wakati ambapo daktari mwenyewe hajui bado kama kuna cha kushindania. Kupiga kura nako, kwa Mkenya wa leo, ni siasa. Kwa maoni yangu afadhali kusema waziwazi kwamba mtoto atawekwa katika kundi bila ya kuchaguliwa na mzazi wala daktari. Maneno yanakuwa mengi zaidi, ndiyo, lakini istilahi fupi inayompotosha mwenye kutia sahihi katika karatasi ya ridhaa haina faida yoyote. Ridhaa ya mtu aliyeelewa jambo jingine si ridhaa.

Tukigeukia taaluma za jamii tunakuta kosa lenye umbo tofauti, nalo limejificha katika hu- ya mazoea. Mtafiti hukaa katika vijiji viwili kwa msimu mmoja, akahoji kaya kadhaa, kisha akaandika, "Wanawake wa Pwani hupendelea kuzalia nyumbani." Lini? Wangapi? Waliulizwa na nani, na mbele ya nani? Hu- haina wakati wala haimkani mtu yeyote. Ndiyo maana methali huipenda. Kwa kiambishi kimoja yale yaliyosemwa na watu wachache katika mwezi mmoja wa kiangazi yamekuwa desturi ya kabila zima tangu enzi za mababu. Laiti angaliandika "waliohojiwa walisema", tungaliweza kumhoji naye. (Hata aya ya kwanza ya makala haya imeitumia hu- kwa mpinzani na kwa mtetezi, wala sikutoa ushahidi. Msomaji ana ruhusa ya kunishtaki.)

Kuhusu sababu na matokeo sitasema mengi. Yatosha kukumbusha kwamba kuambatana si kusababisha, na kwamba tunavyo vitenzi vyote viwili. Anayeandika kwamba umaskini unasababisha utoro shuleni, naye ameonyesha tu kwamba vyote viwili vinapatikana mahali pamoja, hana udhuru wa uhaba wa lugha.

Nadhani chanzo cha hali hii ni namna tunavyoandika ikisiri. Katika idara nyingi tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, na panapotakiwa muhtasari wa Kiswahili huongezwa mwishoni, kazi ikiwa imekwisha kufungwa, mara nyingi na mtu asiyekuwapo nyanjani. Mfasiri huyo huzitafuta nomino katika kamusi, akazipata, akaridhika. Viambishi havimo katika orodha ya istilahi. Havimtishi, basi havitazami. Hata katika idara zetu za Kiswahili, ambako tasnifu nzima huandikwa kwa lugha hii, nimeshuhudia watahini wakimkamata mtahiniwa kwa robo saa kuhusu istilahi moja, kama iwe "hojaji" au "dodoso", kisha wakaipitisha sura nzima ya matokeo ambayo kila sentensi yake ilianza na "imeonekana".

Ningependekeza kinyume chake kijaribiwe, hata kwa muhula mmoja. Mtahiniwa na aachiwe istilahi yake, mradi ameifafanua. Aulizwe badala yake kila "imeonekana" imeonwa na nani, kila hu- imehesabiwa wapi, na katika kila dai la sababu -ngali- yake iko wapi.