Sanaa ya Kufunga Bomba

Atakaye maua ya verbena katika jangwa la Sonora na aanze na sululu. Mjini Tucson, Arizona, huchimbi sana kabla ya kugonga kaliche, tabaka la chokaa lililoshikamana likawa kama jiwe. Maji yakifika hapo hutuama, na mizizi ya verbena huoza. Kwa hiyo mtunza bustani stadi hujaza shimo maji, akaenda zake, akarudi baadaye kutazama. Akiyakuta bado yamo, hapandi. Hulipasua tabaka kwa mtaimbo au huinua tuta la changarawe juu yake.

Ninayemsifu hapa ni yule anayechagua verbena ya Goodding, mwenyeji wa jangwa hilo, yenye maua ya zambarau iliyopauka. Zile nyekundu za vitaluni, kwa macho yangu, zina makelele, tena kiu haziishi. Hii ya Goodding ina majani yenye vinyweleo, na imezoea nchi ambamo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 300, sehemu kubwa yake ikimwagika kwa dhoruba za Julai hadi Septemba.

Hupandwa joto la kiangazi likishapungua, ili mizizi itangulie wakati wa baridi na maua yafuate baridi ikiisha. Mbolea, kiganja tu; ukiizidisha utavuna majani. Ugumu uko kwenye maji. Anayenyunyiza kidogo kidogo kila jioni huizoesha mizizi kukaa juu, mahali jua linapounguza. Fundi humwagilia hadi maji yazame, kisha husubiri. Juni inapofika, joto likapita nyuzi 40, mmea huacha kuchanua, ukasinyaa, ukaonekana kama unaomba. Hapo mkono huwasha kwenda bombani. Fundi huchomeka kidole ardhini kwanza. Akikuta ubichi chini, hufunga bomba, kama mpishi wa pilau anayekataa kufunua sufuria.

Kivuli chepesi cha mti wa mesikiti, nduguye mathenge anayewasumbua wafugaji wa Baringo, husaidia saa za alasiri. Kivuli kizito huyanyima maua jua.

Verbena hii haina maisha marefu: miaka miwili, mitatu, basi. Lakini kila ua huacha vijimbegu vinne, navyo hujificha kwenye kokoto vikingoja mvua. Ndiyo maana palizi yake ni ya mikono na magoti, ya mtu anayekitambua kichipukizi kingali na majani machache, yenye kingo za meno. Anayepita na jembe, akifurahia usafi wa bustani, amepalilia na maua ya mwaka ujao.

Vichipukizi vyenyewe havijali ramani ya mwenye bustani. Vingine huota katikati ya njia, na wapo wanaoving'oa. Mimi naona heri njia ipinde. Kuhamisha kokoto ni kazi ya asubuhi moja.