Kugawa, Kutenganisha au Kumega? Uhakiki wa Istilahi za Kugawanya Ombi la Hataza kwa Msomaji wa Mkoa wa Songwe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maneno ya Kiswahili yanayoweza kubeba kanuni ya sheria ya hataza inayomruhusu mwombaji kugawanya ombi moja na kupata mawili au zaidi. Maneno manne yanapimwa: kugawa, kutenganisha, kuzaa (katika sitiari ya ombi mama na ombi mtoto) na kumega. Hoja kuu ni kwamba neno linalomjia mfasiri kwanza, yaani kugawa, linaficha masharti ambayo mvumbuzi anaweza kupoteza haki yake kwa kutoyajua. Kumega kunakaribia zaidi maana ya sheria, ingawa nako kunahitaji kirai cha kukilinda.

1.0 Utangulizi

Hataza ni haki ya kipekee ambayo dola humpa mvumbuzi kwa muda maalumu, naye kwa upande wake huufichua uvumbuzi wake kwa umma. Tanzania Bara, haki hiyo inaongozwa na Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa kwa Kiingereza mwaka 1987, na msimamizi wake ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Tangu hapo, uteuzi wa istilahi za sheria si mjadala wa wanaisimu peke yao. Neno atakaloteua mfasiri ndilo litakalosomwa na hakimu, ofisa na mwombaji.

Mkoa wa Songwe umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mkoa wa mafundi. Kahawa ya Mbozi inahitaji mashine za kumenya na vichanja vya kukaushia, na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Wilaya ya Songwe wanategemea makarasha yanayoundwa na kurekebishwa katika karakana za karibu. Pili, mkoa wenyewe ni zao la mgawanyo. Wilaya ya Momba ilitokana na Wilaya ya Mbozi mwaka 2012, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukatokana na Mkoa wa Mbeya. Wakazi wake wanalo tayari neno la tukio la namna hiyo, na neno hilo ni sehemu ya data ya uhakiki huu.

Uhakiki unaongozwa na Nadharia ya Skopos ya Hans Vermeer, inayoipima tafsiri kwa lengo lake katika jamii lengwa, pamoja na baadhi ya vigezo vya uundaji wa istilahi vya Kiingi vinavyojulikana kwa kifupisho PEGITOSCA, hususani usahihi, uwazi, uzalishi, kuepuka matusi na ukubalifu.

2.0 Kanuni Inayotafsiriwa

Ombi la hataza hutakiwa kuhusu uvumbuzi mmoja, au kundi la vumbuzi zilizounganishwa na dhana moja ya jumla ya kivumbuzi. Ombi lisipotimiza sharti hilo, mwombaji hupewa nafasi ya kuligawanya. Msingi wa kimataifa wa nafasi hiyo ni Ibara ya 4G ya Mkataba wa Paris, ambao nchi yetu ni mwanachama wake tangu mwaka 1963. Ibara hiyo inashughulikia hali mbili: pale ukaguzi unapobaini kuwa ombi lina vumbuzi zaidi ya moja, na pale mwombaji anapoamua mwenyewe kuligawanya. Katika hali zote mbili, kila ombi linalotokana na mgawanyo hubaki na tarehe ya ombi la awali na manufaa ya haki ya kipaumbele, kama ipo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa Vwawa anawasilisha ombi moja lenye mambo mawili: pipa la mashine ya kumenya kahawa lenye meno ya umbo jipya, na kichanja cha kukaushia chenye paa linalokunjuliwa mvua inapoanza. Mkaguzi anaona kwamba meno ya pipa na paa la kichanja havina kiungo cha kiufundi, na kwamba vyote kutumika kwenye kahawa hakutoshi kuvifanya uvumbuzi mmoja. Fundi anaamua kulibakiza pipa katika ombi la awali na kukiwekea kichanja ombi lake. Ila kati ya kuwasilisha na kugawanya, alikwisha kuvionyesha vyote viwili katika maonyesho ya Nane Nane, Uwanja wa John Mwakangale, Mbeya. Huko wakulima walimshauri aongeze feni ya sola kwenye kichanja, naye akaiongeza.

Mfano huu unadhihirisha masharti manne. Kwanza, ombi la awali hubaki hai na mwenye maombi yote ni yuleyule. Pili, ombi linalotokana haliruhusiwi kuwa na jambo ambalo halikufichuliwa katika ombi la awali; feni ya sola haina nafasi humo na inahitaji ombi lake lenye tarehe yake. Tatu, ombi la kichanja huhesabiwa kuwa la tarehe ya zamani. Lingehesabiwa kwa siku lilipowasilishwa, maonyesho ya fundi mwenyewe yangeweza kutumika kuthibitisha kwamba kichanja si kipya tena. Tarehe hiyohiyo ya zamani ndiyo huanzisha muda wa ulinzi, hivyo kugawanya hakurefushi maisha ya hataza. Nne, mgawanyo unaweza kutokana na pingamizi la mkaguzi au hiari ya mwombaji.

Mkataba wa Paris unaziachia nchi uhuru wa kuweka masharti zaidi, hasa ya muda. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, kwa mfano, iliweka kikomo cha miezi 24 mwaka 2010 na kukifuta mwaka 2014, ikirejea sharti la awali kwamba inatosha ombi la awali liwe bado halijaamuliwa. Masharti hayo ya nyongeza hubadilika, lakini manne yaliyotajwa juu ndiyo kiini, na ndiyo yanayotumika hapa kama kipimo cha kila neno.

3.0 Uhakiki wa Istilahi

3.1 Uvumbuzi mmoja

Kabla ya kulipima neno la mgawanyo, ni lazima kujua kinachohesabiwa kuwa kimoja. Katika matumizi ya kawaida, uvumbuzi na ugunduzi hubadilishana nafasi. Mtu huweza kusemwa amevumbua dawa, mto au mashine. Sheria haiwezi kuvumilia hali hiyo, kwa kuwa inakataa kutoa hataza kwa jambo lililokuwapo katika maumbile na likafahamika tu. Mfasiri akitumia uvumbuzi kwa dhana zote mbili, kifungu chake kitasomeka kuwa uvumbuzi si uvumbuzi. Ni budi ugunduzi uachiwe kile kilichokuwapo, na uvumbuzi ubaki kwa suluhisho la kiufundi lililoundwa. Neno ubunifu, ambalo limeenea kupitia mashindano ya kitaifa ya MAKISATU, lina mawanda mapana mno. Linajumuisha sanaa, biashara na huduma, na halifai kuwa istilahi ya hataza.

Hata baada ya kutenga maana hizo, neno mmoja linabaki na utata. Fundi huhesabu vitu: mashine moja ni kazi moja. Sheria huhesabu dhana. Plagi na soketi ni vitu viwili, lakini vikibuniwa kuoana vinaweza kuwa dhana moja. Mashine moja ya kumenya nayo inaweza kubeba vumbuzi mbili zisizohusiana. Kwa sababu hiyo, kirai umoja wa uvumbuzi hakina uwazi wa kutosha kikisimama peke yake. Umoja wa dhana ya kivumbuzi ni kirefu zaidi, lakini kinamwambia msomaji kitu gani kinahesabiwa.

3.2 Kugawa na kugawanya

Kugawa humkumbusha msomaji wa Kiswahili mirathi na sadaka. Mirathi inapogawiwa, mwenye mali hayupo tena, mali haibaki kuwa moja, na kila fungu hupata mmiliki wake. Sadaka inapogawiwa, mtoaji huondokewa na mali. Kugawanya, kwa upande wake, kuna sauti ya hesabu za shule ya msingi: kumi kwa mbili ni tano, na kumi haipo tena. Maneno yote mawili yanakiuka sharti la kwanza. Fundi wetu akielezwa kuwa ombi lake litagawanywa, ana sababu ya kuogopa kwamba pipa lake linarudi mwanzo pamoja na kichanja. Anaweza kuacha kugawanya, akafuta dai la kichanja na kulipoteza kabisa.

Pamoja na hayo, kugawanya kuna ukubalifu mkubwa na kunafaa kama neno la jumla la tendo, kama lilivyotumika katika makala haya. Udhaifu wake unajitokeza linapogeuzwa kuwa jina la ombi linalotokana. Ombi lililogawanywa linaweza kumaanisha ombi la awali lililopasuliwa, au kipande kilichotoka humo. Istilahi isiyoweza kutofautisha chanzo na zao haijatimiza kigezo cha usahihi.

3.3 Kutenganisha

Kutenganisha kunaeleza vizuri hali ya pingamizi: mambo mawili yalichanganywa, nayo yanatenganishwa kama pumba na mchele. Kasoro yake iko katika sharti la nne. Neno linadokeza kwamba mchanganyiko ulikuwa kosa, ilhali mwombaji anaweza kugawanya kwa hiari kutokana na mkakati wa biashara, kwa mfano anapotaka kumuuzia mtu mwingine haki ya kichanja na kubaki na pipa.

3.4 Ombi mama, ombi mtoto na ombi tanzu

Sitiari ya uzazi inatumika katika lugha nyingi na ina mvuto kwa sababu inatofautisha chanzo na zao. Hata hivyo, mtoto ana tarehe yake ya kuzaliwa na hurithi kwa wazazi wawili. Msomaji anayeifuata sitiari hiyo kwa uaminifu atahitimisha kinyume cha sheria mara mbili: kwamba ombi la kichanja lina tarehe mpya, na kwamba linaweza kupokea feni kutoka nje. Utanzu, ambao wanafasihi wanauzoea, una tatizo linalofanana. Tawi huendelea kukua na kuzidi shina.

3.5 Kumega

Mkazi wa Tunduma anapoeleza asili ya mkoa wake husema ulimegwa kutoka Mbeya. Neno hilo linatokana na chakula. Anayemega ugali huliacha bonge sinianimo, na tonge lake haliwezi kuwa na kitu ambacho hakikupikwa chunguni. Sharti la kwanza na la pili yanatimizwa bila maelezo ya ziada. Mbeya haikufutika mwaka 2016, wala Songwe haikupata ardhi ambayo haikuwa ya Mbeya. Sharti la nne pia linatimizwa, kwa kuwa mtu humega kwa hiari au kwa kuelekezwa. Kwa upande wa uzalishi, tunapata mmego, ombi la mmego na maombi ya mmego, yakikabiliana na ombi la awali.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza inahusu kigezo cha kuepuka matusi: katika lugha ya mtaani, kumega kuna maana ya ngono. Maana hiyo ipo, lakini haijazuia neno kutumika hadharani katika mijadala ya mipaka ya mikoa na wilaya. Muktadha unatosha kuitenga, na umbo la nomino mmego linaitenga zaidi.

Pingamizi ya pili ni nzito. Kumega hakubebi sharti la tatu. Mkoa wa Songwe unahesabu umri wake tangu 2016, si tangu kuanzishwa kwa Mkoa wa Mbeya. Mlinganisho wa mkoa unavunjika hapa, na msomaji wa Songwe ndiye aliye katika hatari zaidi ya kuufuata hadi mwisho. Hakuna neno kati ya yaliyohakikiwa linaloliokoa sharti hili. Kwa hiyo fasili ya sheria inapaswa kulitamka: ombi la mmego ni ombi lililotolewa ndani ya ombi la awali na kuhesabiwa kwa tarehe yake. Aidha, kirai ombi jipya kisitumike kamwe kulirejelea, hata katika barua na maelezo ya mdomo ya ofisa. Ombi jipya libaki kwa jambo kama feni ya sola.

4.0 Mipaka ya Istilahi Mpakani

Hataza ni haki ya eneo. Hataza ya Tanzania Bara haina nguvu Nakonde, Zambia, ingawa kutoka Tunduma hadi huko ni mwendo wa miguu na tangu mwaka 2019 nchi hizo mbili zina kituo cha huduma za pamoja mpakani. Mashine ya fundi wa Tunduma inaweza kuigwa ng'ambo ya barabara bila kuvunja sheria yoyote ya hataza ya Tanzania. Njia mojawapo ya kulinda pande zote mbili kwa ombi moja ni Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, chini ya Shirika la Haki Miliki la Kanda ya Afrika (ARIPO), ambamo Tanzania na Zambia zote zimo.

Lugha ya kazi ya ARIPO ni Kiingereza. Vilevile, Kiswahili hakimo katika lugha 10 za uchapishaji za Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza. Istilahi inayopendekezwa hapa haitavuka mpaka kwa maandishi. Hilo halipunguzi umuhimu wake; linaonyesha skopos yake ni ipi. Uamuzi wa kugawanya hufanywa na mtu kabla haujaandikwa kwa lugha yoyote, naye huufanya kwa kadiri alivyoelewa. Kwa fundi aliyepewa siku chache za kujibu pingamizi, maelezo ya Kiswahili ndiyo yatakayoamua kama atamega, atafuta au ataongeza kisichoruhusiwa.

5.0 Hitimisho

Makala haya yanapendekeza kugawanya libaki neno la jumla la tendo. Ombi la awali na ombi la mmego ziwe istilahi za pande mbili za mgawanyo. Umoja wa dhana ya kivumbuzi kichukue nafasi ya umoja wa uvumbuzi. Na sharti la tarehe liandikwe ndani ya fasili yenyewe. Mapendekezo haya yametokana na uchambuzi wa maana na mfano wa kubuni. Hatua inayofuata ni kuyapima kwa mafundi wa Vwawa, Mlowo na Tunduma, kwa kuwapa fasili mbili, moja yenye ombi lililogawanywa na nyingine yenye ombi la mmego, kisha kuwauliza swali moja: je, feni inaweza kuongezwa? Majibu yao ndiyo yatakayoonyesha kama neno linafikisha sheria, na BAKITA pamoja na waandishi wa sheria watakuwa na ushahidi wa kuamulia.