Orodha Isiyotaja Aliyekosekana

Dirisha linaloorodhesha diski kwenye kompyuta ya Windows, lile lililowahi kuitwa Kompyuta Yangu na siku hizi Kompyuta Hii, ni matini fupi ambayo karibu kila mwenye kompyuta nyumbani ameisoma na hakuna anayejisumbua kuihakiki. Lina mistari mitatu au minne. Kila mstari una aikoni, jina, herufi moja yenye nukta pacha, na kwa diski nyingi kipau cha nafasi iliyotumika. Halina kitenzi hata kimoja, na nadhani ndiyo sababu linaaminika hivyo. Sentensi hubishiwa, orodha hupitiwa kwa macho tu.

Tazama linavyoanza. Linaanza na C. A na B hazipo, wala hakuna maelezo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia disketi, na nafasi za disketi ndizo zilizopewa A na B. Diski ngumu ilipoingia na modeli ya XT mwaka 1983, ikiwa na megabaiti 10, ikachukua herufi iliyofuata. Hata mashine yenye nafasi moja tu ya disketi ilijifanya ina mbili: ukitaja B, mfumo unakuomba uitoe disketi ya kwanza na uweke nyingine palepale. Disketi zimekwisha, lakini kizazi kizima kimekua kikisoma alfabeti inayoanzia herufi ya tatu bila kuuliza zile mbili zilikwenda wapi. Tulizoeshwa mapema kutouliza.

Mstari mmoja wa orodha hii una wasemaji wanne, na mwandishi wake hakuweka alama za usemi. Herufi hutolewa na mfumo endeshi. Jina hutoka kwenye diski yenyewe, lilikoandikwa na aliyeifomati: herufi zisizozidi 11 kama mfumo wake wa faili ni FAT, 32 kama ni NTFS. Aina ya kifaa husemwa na kifaa kupitia draiva yake. Kipau hutokana na hesabu, nacho hugeuka chekundu nafasi inapokaribia kwisha. Lebo ikipotosha, kwa kawaida mmoja wa hawa amechelewa, au amesemewa na mwingine. Umetoa sidii ya harusi ukaweka ya mhadhara, na jina la harusi bado linaning'inia: mfumo unakariri kauli ya diski iliyokwisha kuondoka. Au msemaji anasema kweli mahali asipotakiwa kusema. Baada ya sasisho la Windows 10 la Aprili 2018, baadhi ya kompyuta ziliwaka zikiwa na kiendeshi kipya chenye kipau chekundu na onyo kwamba nafasi imekwisha. Ilikuwa patisheni ya urejeshaji, ambayo siku zote imejaa na siku zote hufichwa, na safari hii ilipewa herufi kimakosa. Mtu angeweza kufuta picha zake akidhani kompyuta imefurika. Hakuna hata neno moja la uongo katika mstari ule. Kosa lake ni kuwepo.

Yupo pia msemaji wa tano, asiyealikwa. Faili dogo linaloitwa autorun.inf liliruhusiwa kuamuru jina na aikoni ya diski lilimokaa. Kwa watengenezaji wa sidii za michezo ya kompyuta lilikuwa pambo tu. Virusi vya Conficker, vilivyoanza kuenea mwishoni mwa 2008, vililisoma umbo hili kwa makini kuliko mhakiki yeyote: katika kisanduku kinachojitokeza baada ya kuchomeka flashi, viliweka mstari wenye aikoni ya folda na mwaliko wa kufungua uone faili, kumbe ulikuwa mstari wa kuendesha programu. Windows 7 ya mwaka 2009 ikaziondolea flashi ruhusa ya kuweka mstari kama huo. Wakati huo wengi wetu tulikuwa tumekwisha kujifunza, kwa kupeleka flashi steshenari kuchapisha barua na kurudi nayo imejaa wageni.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya orodha hii naiona katika ukimya wake. Kiendeshi kikipotea, safu hujifunga. E ikitoweka, D na F hukaa jirani kana kwamba hakuna aliyewahi kuwatenganisha. Mwalimu anayeita mahudhurio hulitamka jina la mtoto ambaye hayupo, na ukimya unaofuata ndio taarifa. Orodha ya diski huwaandika waliohudhuria peke yao. Wala si kwamba mfumo umesahau. Ndani ya sajili yake, chini ya kichwa MountedDevices, kila herufi imefungwa na utambulisho wa mwenyewe: kwa diski za mtindo wa MBR ni baiti 12, yaani 4 za sahihi ya diski na 8 za mahali patisheni inapoanzia. Diski ikichomolewa, kumbukumbu hubaki. Ndiyo maana diski ikirudi baada ya miezi hupewa herufi yake ileile, kama hakuna aliyeinyakua. (Enzi ya Windows 98 herufi zilipangwa upya kila mashine ilipowaka. Ukiongeza diski ya pili, patisheni yake kuu ilikaa kwenye D, na D yako ya zamani ikasukumwa hadi E. Njia zote za mkato zikaelekea kwa mgeni.) Kwa hiyo mwandishi wa leo anamjua aliyekosekana. Ni umbo alilolichagua ambalo halina pa kumwandika.

Ndiyo maana fundi mzuri haisomi orodha hii peke yake. Bofya kwa kitufe cha kulia kwenye alama ya kuanzia, ufungue Usimamizi wa Diski. Kisa ni kilekile, msimulizi mwingine. Hapa diski ni mistatili iliyolala, na kutokuwepo kuna rangi: sehemu isiyogawiwa ina utepe mweusi. Patisheni iliyopoteza herufi inaonekana bado, imekaa na ukubwa wake, haina jina la kuitiwa tu. Unaibofya, unaipa herufi, kazi imekwisha. Unaweza pia kukuta flashi imepangiwa herufi ambayo tayari inatumiwa na folda ya mtandao, ikafunikwa. Ipe herufi ya mbali zaidi na itajitokeza. Msimulizi huyu naye ana uongo wake. Urefu wa mistatili haulingani na ukubwa halisi, kwa sababu kwa kawaida huchorwa kwa kipimo cha logi, la sivyo patisheni ya megabaiti 100 kando ya ile ya gigabaiti 500 isingeonekana kwa jicho. Uongo huo naupenda. Umepindisha kipimo ili mdogo asipotee.

Kwa viendeshi vya CD na DVD, matini tajiri zaidi ni ya tatu, Kidhibiti cha Vifaa: mti wa matawi, ambapo kifaa chenye tatizo huwekewa pembetatu ya njano na namba ya kosa. Namba 39 hueleza kwamba draiva haikuweza kupakiwa, pengine imeharibika au haipo. Namba 19 huulaumu usajili wa kifaa kuwa pungufu au umeharibika. Zote mbili zimeandikwa kwa namna isiyo na mtenda: kuna kilichoharibika, hakuna aliyeharibu. Mwenye kiendeshi husoma hayo akahitimisha kwamba kifaa kimekufa, ilhali trei inafunguka, taa inawaka, na kompyuta inaweza hata kuwaka kwa kutumia sidii iliyomo.

Mtenda yupo, nilimkuta katika orodha nyingine. Programu za kuchoma sidii zilikuwa na desturi ya kupachika vichujio vyao kati ya mfumo na kiendeshi, na majina ya vichujio hivyo huandikwa kwenye sajili, katika fungu la viendeshi vya CD ambalo utambulisho wake unaanza na 4D36E965, kwenye vipengele viwili: UpperFilters na LowerFilters. Programu ikiondolewa vibaya, faili la kichujio hufutwa na jina hubaki. Mfumo unapowaka husoma jina, huita, haupati jibu, kisha hukikataa kiendeshi chote. Hapo ndipo fani ya mfumo huu inapojipinga yenyewe: orodha ya juu inawanyamazia wasiokuwepo, na orodha ya chini inamng'ang'ania mmoja ambaye hayupo hadi inampoteza aliyepo. Tiba ni ya mhariri. Hifadhi nakala ya fungu lile, futa vipengele hivyo viwili bila kugusa kingine, washa kompyuta upya. Kiendeshi hurudi, ingawa programu ya kuchomea inaweza kudai isakinishwe tena. Kama kiendeshi hakimo hata kwenye mti huu, kusoma kumekwisha; zima umeme, fungua kasha, kaza waya.

Imebaki sentensi moja, na kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Unachomeka diski yenye picha za miaka mingi, na kisanduku kinajitokeza kukuambia kwamba unahitaji kuifomati kabla ya kuitumia, kisha kinauliza kama ungependa kufanya hivyo. Vitufe ni viwili, kufomati au kughairi. Angalia lawama ilivyohamishwa: aliyeshindwa kusoma ni mfumo, lakini mwenye haja ni wewe. Kushindwa kwenyewe hakukutajwa. Swali limeulizwa kwa upole kama la mhudumu wa hoteli, na jibu la ndiyo linafuta njia rahisi ya kuzifikia picha zote. Mfumo wa DOS mwaka 1981 ulikuwa na lugha kavu kuliko hii, ila ulianza kwa kutaja kosa na kiendeshi chenye kosa, kisha ukakupa kuacha, kujaribu tena, au kupuuza. Kile kitufe cha kujaribu tena ndicho kisanduku cha leo kilichokinyima nafasi, na mara nyingi ndicho kinachohitajika: ghairi, toa diski kwa utaratibu, badilisha waya au tundu la USB, ijaribu kwenye kompyuta nyingine.

Ikiendelea kugoma, fungua dirisha jeusi la amri uandike chkdsk na herufi ya diski hiyo. Kama mfumo wa faili hausomeki, jibu litakuja bila aikoni wala vitufe: aina ya mfumo wa faili ni RAW, na chkdsk haifanyi kazi kwenye viendeshi vya RAW. Mtunzi wa jibu hili amesema alichokiona, amekiri asichoweza, na hakukupangia la kufanya. Ukiisha kulisoma, nakili kwanza unachoweza kwa programu ya kuokoa faili, ukihifadhi kwenye diski nyingine, na kile kisanduku cha kufomati kiache kisubiri.